Kilio cha Watu wa Kagera

Methali hii twaijua sote tangu utoto: Wapiganapo tembo, nyasi huumia. Watu huitaja kila mara wakubwa wakigombana na wadogo wakiteseka. Ni methali ya kweli, lakini haisemi kweli yote. Nyasi zikikanyagwa leo, mvua ikinyesha humea tena, wala hakuna ajuaye kwamba tembo walipita. Mtu si nyasi. Baba aliyeuawa mlangoni pa nyumba yake harudi na mvua. Tena nyasi hazina kumbukumbu, bali mtu anayo. Na mara nyingi akumbukapo maumivu yake hutafuta wa kumlipiza.

Leo twapenda kuwasimulia habari za watu wa nchi ndogo iliyo kati ya Tanzania na Uganda, kando ya mto Kagera, na mambo yaliyowapata mwaka 1978 na 1979. Twazisimulia kwa sababu mbili. Ya kwanza, si habari za mbali. Maji ya Kagera hutoka katika vilima vya Burundi na Rwanda, jirani zetu wa Kivu. Ya pili, sisi wenyewe twakaa katika nchi yenye mipaka mirefu, nasi twajua ni nini kulala tukisikiliza bunduki upande wa mpaka. Atakayesoma mambo ya Kagera atakuta mengi anayoyafahamu.

Mpaka ulitoka wapi?

Tarehe 1 Julai 1890 Waingereza na Wajerumani walipatana huko Ulaya jinsi ya kugawana nchi za Afrika ya mashariki. Kwa upande wa magharibi wa ziwa Victoria walichora mstari ulionyooka, kwenye digrii ya kwanza kusini mwa ikweta, kutoka ziwani hata mpaka wa nchi iliyoitwa wakati ule Dola Huru ya Kongo. Kaskazini ya mstari ikawa ya Waingereza, kusini ikawa ya Wajerumani. Waliochora hawakuwauliza wenyeji, na wengi wao hawakupata kuiona nchi yenyewe.

Lakini mto haufuati rula. Kagera hutoka magharibi, hushuka kidogo kusini mwa mstari ule, hupita Kyaka, ndipo hupanda tena kuelekea kaskazini, huingia Uganda na kumwagika ziwani. Basi kati ya mto na mstari kulibaki kipande cha nchi, ukubwa wake yapata kilometa za mraba 1800. Kipande hicho ki ng'ambo ya mto, upande wa Uganda. Lakini kwa mstari ule ni cha upande wa kusini. Kikawa cha Wajerumani, kisha cha Waingereza waliotawala Tanganyika baada ya vita ya kwanza ya dunia, na tangu uhuru wa mwaka 1961 kikawa cha Tanganyika, ambayo tangu mwaka 1964 huitwa Tanzania.

Wenyeji wa huko ni wakulima wa migomba na kahawa, tena wafugaji wa ng'ombe. Kwao mstari haukuwa na maana kubwa. Mtu aliweza kuwa na dada aliyeolewa ng'ambo na mjomba aliyezikwa ng'ambo. Walivuka kwenda sokoni, walivuka kwenda arusini, walivuka kwenda matangani. Lugha zao zilisikilizana.

Wakubwa wa Afrika waliijua hatari ya mistari hii. Kwa sababu hiyo, mwezi Julai 1964, Umoja wa Nchi Huru za Afrika ulipokutana Kairo, ulikata shauri kwamba kila nchi iheshimu mipaka aliyoikuta siku ya uhuru wake. Si kwamba mipaka ile ilikuwa mizuri. Walijua kwamba mtu akianza kuvuta mpaka mmoja, yote itavutwa, na damu itamwagika pote.

Uadui wa wakubwa

Tarehe 25 Januari 1971 jenerali Idi Amin aliipindua serikali ya Milton Obote katika Uganda. Obote alikimbilia Dar es Salaam, na rais Julius Nyerere alimpokea, akakataa kumtambua Amin. Huo ndio mwanzo wa uadui. Mwezi Septemba 1972 Waganda waliokuwa wamekimbilia Tanzania, wenye silaha, walivuka mpaka ili kumwondoa Amin. Walishindwa. Amin akalipiza kwa kutuma ndege za vita, zikaangusha mabomu Bukoba na Mwanza. Mwezi wa Oktoba mapatano yalifanyika Mogadishu: kila upande uondoe askari wake kilometa 10 kutoka mpakani, wala usiwasaidie adui za mwenzake.

Tusiifiche kweli: katika shambulio lile la mwaka 1972 Tanzania nayo ilikuwa na sehemu yake, maana waliovuka walitoka katika ardhi yake. Na walioumia kwanza ni raia wa Uganda wenyewe. Baada ya shambulio kushindwa, askari wa Amin waliwakamata watu wengi. Tarehe 21 Septemba 1972 walimchukua Benedicto Kiwanuka, jaji mkuu wa nchi, kutoka katika mahakama yake, hakuonekana tena. Januari 1973 padri Clement Kiggundu, mwandishi mkuu wa gazeti la Munno, gazeti la wakatoliki wa Uganda, aliuawa, na maiti yake ilikutwa katika gari lake lililochomwa moto. Februari 1977 aliuawa Janani Luwum, askofu mkuu wa Waanglikana. Hao ni watu wakuu ambao majina yao yaliandikwa. Nani aliandika majina ya wanyonge waliokufa pamoja nao?

Siku za Oktoba 1978

Mwaka 1978 jeshi la Amin lilikuwa limegawanyika. Makamu wake, Mustafa Adrisi, aliumia vibaya katika ajali ya gari mwezi Aprili, na wafuasi wake walinung'unika. Askari wengine waliasi. Mtawala ambaye nyumba yake inatikisika mara nyingi hutafuta adui wa nje. Amin alikuwa amekwisha kudai zamani kwamba kipande kile cha Kagera ni cha Uganda. Sasa akatenda.

Mwezi wa Oktoba mashambulio madogo yalianza, na tarehe 30 Oktoba askari wapatao 3000 walivuka mpaka pamoja na vifaru. Askari wa Tanzania waliokuwa huko walikuwa wachache, wakarudi nyuma. Kwa muda wa saa chache Waganda wakafika mtoni. Tarehe 1 Novemba redio ya Kampala ilitangaza kwamba nchi yote ya ng'ambo imekuwa ya Uganda, na kwamba tangu sasa mpaka ni mto. Siku chache baadaye walilipasua daraja la Kyaka kwa baruti, ili Watanzania wasivuke.

Fikirini maana ya tendo hilo kwa wakulima waliobaki ng'ambo. Daraja ndiyo njia yao ya kukimbilia. Lilipoanguka, nyuma yao kulikuwa na mto na mbele yao kulikuwa na askari.

Askari wale hawakuja kutawala, walikuja kuteka. Waliingia nyumba kwa nyumba. Walipora magari, baiskeli, mabati, magodoro, nguo. Walikipora kiwanda cha sukari pamoja na mashine zake. Waliswaga ng'ombe kwa maelfu kuwapeleka Uganda. Wanawake walitendewa jeuri. Watu wengine walichukuliwa mateka wakapelekwa ng'ambo ya mpaka. Wengi waliuawa kwa risasi katika mashamba na njiani. Inakadiriwa kuwa raia 1500 walikufa. Maelfu waliobahatika waliukimbia mto kabla ya daraja kuanguka, au walijificha maporini, na huo ulikuwa wakati wa mvua. Kanisa la Kyaka lilibomolewa kwa mabomu. Kuta zake zilizobaki zikawa ukumbusho wa siku zile.

Tuulize: watu hawa walikuwa wamemkosea nini Amin? Hawakumpokea Obote wala hawakuchora mstari wa mwaka 1890. Kosa lao lilikuwa moja tu, kukaa mahali ambapo wakubwa wawili walipagombania.

Tarehe 2 Novemba rais Nyerere aliwaambia wananchi wake kwamba taifa lina sababu ya kumpiga Amin, lina nia, na lina uwezo. Nchi nyingine za Afrika zilitaka kusuluhisha, lakini Umoja wa Nchi Huru za Afrika haukumlaani Amin waziwazi, ijapokuwa alikuwa amevunja shauri la Kairo mbele ya macho ya wote. Jambo hilo lilimwumiza sana Nyerere. Alitaka Amin alaaniwe kwanza, ndipo lizungumzwe lolote la mapatano. Kabla ya mwisho wa Novemba askari wa Tanzania walikuwa wamevuka mto na kuirudisha nchi yao. Walikuta nyumba zilizochomwa, mazizi matupu, na maiti.

Kisasi cha Mutukula

Hapa ndipo twafika penye sehemu ngumu ya habari hii. Wengi waisimuliapo huishia pale askari waliporudisha nchi yao, halafu husema: Amin alishindwa, haki ikashinda. Sisi twaona haifai kuruka ukurasa unaofuata.

Mwezi Januari 1979 askari wa Tanzania walivuka mstari na kuuteka Mutukula, mji mdogo wa Uganda mpakani. Walikuwa wametoka kuziona maiti za Kagera. Mioyo yao ilikuwa inawaka. Basi waliubomoa mji ule kwa katapila, nyumba kwa nyumba, na raia waliokuwa wamebaki waliuawa. Waliobaki ni watu gani? Katika kila vita wanaobaki ni wale wasioweza kukimbia, yaani wazee na wagonjwa.

Hao wazee wa Mutukula walikuwa wamewakosea nini watu wa Kagera? Hawakuivuka Kagera, wala hawakuzipora nyumba za wenzao. Wengi wao walikuwa jirani, pengine ndugu, za wale waliouawa upande wa pili. Mwanamke aliyekuwa akimlilia mumewe kusini mwa mstari, na mwanamke aliyekuwa akimlilia mumewe kaskazini, waliweza kulia kwa lugha moja.

Nyerere alipopata habari alihuzunika sana. Akatoa amri kwamba askari wake wasiguse tena raia wala mali yao. Twamsifu kwa hilo, maana viongozi wengi katika hali ile hukana, au husema: Wao ndio walioanza. Na wale walioona vita ile wanashuhudia kwamba tangu hapo askari wa Tanzania kwa jumla walijizuia kuliko mwanzo. Lakini amri haizimi moto mara moja. Mwezi Februari, Masaka na Mbarara zilipotekwa, sehemu kubwa ya miji hiyo iliharibiwa, na majengo yalipasuliwa kwa baruti baada ya mapigano kwisha. Wengine walisema kwamba hayo ni malipo ya Kagera. Mbarara waliofanya hivyo ni Waganda wenyewe, waliorudi kutoka uhamishoni.

Kisasi kiliendelea kutembea

Kampala ilitekwa tarehe 11 Aprili 1979, Amin akakimbia, na mwanzoni mwa Juni vita ilikwisha. Watu walicheza ngoma barabarani. Na kweli, walikuwa na sababu ya kucheza.

Walakini kisasi kilichoanzia mpakani hakikukoma pale vita ilipokoma. Amin alikuwa Mwislamu. Basi katika nchi ya Ankole, mwaka ule ule wa 1979, watu waliwashambulia Waislamu jirani zao na kuwaua, wanaume, wanawake na watoto, kana kwamba kila Mwislamu alikuwa Amin. Wauaji hao wengi walikuwa watu wa kubatizwa. Hili yafaa tulikumbuke sisi tusomao ukurasa huu.

Tena Amin alitoka upande wa West Nile, kule Uganda inapopakana na Kongo na Sudan. Tangu Oktoba 1980 jeshi jipya la Uganda liliwatendea watu wa huko kama vile askari wa Amin walivyowatendea watu wa Kagera: kuua, kupora, kuchoma. Tarehe 24 Juni 1981, katika misioni ya Ombaci, karibu na Arua, ambako watu wengi walikuwa wamekimbilia wakidhani kwamba penye misioni watasalimika, askari waliwafyatulia risasi, na makumi waliuawa. Mamia ya maelfu walikimbia nchi yao. Wengine walikwenda Sudan, na wengine wengi waliingia kwetu, wakati nchi yetu ilipoitwa Zaire, katika sehemu za Aru. Wakulima wa kwetu waliwagawia mashamba. Wazee wa huko wangali wanakumbuka.

Oneni basi jinsi neno moja linavyozaa jingine. Redio ya Kampala ilitangaza mpaka mpya mwezi Novemba 1978. Miaka miwili na nusu baadaye mtu aliuawa Ombaci, mamia ya kilometa kutoka Kagera, na labda maisha yake yote hakuwahi kulisikia jina la Kyaka.

Sheria yasemaje?

Watu wengine hudhani kwamba katika vita hakuna sheria. Si kweli. Tarehe 12 Agosti 1949, baada ya maovu ya vita ya pili ya dunia, mataifa yalipatana huko Geneva. Mapatano ya nne yahusu raia, yaani watu wasio na silaha walioanguka mikononi mwa jeshi la kigeni. Yanakataza kuwaua na kuwatesa, kuwachukua mateka, na kupora. Yataka wanawake walindwe na jeuri. Yanakataza kubomoa nyumba na mali pasipo lazima ya vita. Na yanakataza pia kulipiza kisasi juu ya raia na juu ya mali yao. Uganda na Tanzania zote mbili zilikuwa zimekwisha kuyakubali mapatano hayo kabla ya vita ile.

Angalieni: sheria haisemi kwamba aliyeonewa anapata ruhusa. Haisemi kwamba wakiua kwako, nawe waweza kuua kwao. Haki ya raia haitoki kwa serikali yake, wala haipotei serikali yake ikitenda maovu. Mkulima wa Mutukula hakuwa na haki ndogo kuliko mkulima wa Kyaka kwa sababu alitawaliwa na mtu mwovu. Yeye alikuwa ameonewa na mtu huyo kwanza, kabla ya wote.

Je, nani alihukumiwa? Idi Amin alikufa kwa ugonjwa mjini Jeddah, katika Arabia ya Saudi, tarehe 16 Agosti 2003. Hakusimama hata siku moja mbele ya jaji kwa ajili ya Kagera wala kwa ajili ya Uganda. Mahakama ya kimataifa ya jinai ilianza kazi mwaka 2002, nayo haiwezi kuhukumu mambo ya kabla ya mwaka huo. Wajane wa Kagera walizeeka bila kuulizwa na jaji yeyote: Mama, ni nani aliyemwua mumeo?

Sisi Wakongo tumeona jambo tofauti kidogo. Kwa ajili ya vita ya mwaka 1998 hata 2003, nchi yetu iliishtaki Uganda mbele ya Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliyoko La Haye. Mwaka 2005 majaji walisema kwamba Uganda ilivunja sheria, na kwamba huko Ituri ilishindwa kuwalinda raia. Tarehe 9 Februari 2022 waliiamuru ilipe dola milioni 325. Na katika hizo, milioni 225 ni kwa ajili ya watu walioumia na waliokufa. Fedha hairudishi mtu. Lakini kuna faida mtu akisikia jaji akisema mbele ya dunia yote: Hawa waliumizwa, na haikuwa haki. Neno hilo watu wa Kagera hawakulipata, na watu wa Mutukula hawakulipata pia.

Tufanye nini sisi?

Sisi wasomaji si marais wala majenerali. Hatuchori mipaka. Lakini yako mambo tuwezayo.

Kwanza, tuyakumbuke mambo yote, si ya upande mmoja. Anayekumbuka Kagera na kusahau Mutukula hakumbuki, anahesabu deni. Vivyo hivyo kwetu: kila kabila huku mpakani linayo orodha ya wafu wake, na ni nadra kumwona mtu anayeijua orodha ya wafu wa jirani.

Pili, tuandike. Mengi yaliyotendeka ng'ambo ya Kagera yalipotea kwa sababu walioyaona walikufa kabla ya kuulizwa. Mwenye kujua jina la aliyeuawa, mahali na siku, na aliandike katika daftari, au amwambie kijana wake anayejua kuandika.

Tatu, tuyaangalie maneno yetu. Kabla ya katapila kufika Mutukula, watu walikuwa wamekwisha kusema "wao". Amin aliua, wakasema: Waganda wameua. Kutoka jina la mtu mmoja kwenda jina la kabila zima ni hatua fupi sana, na ulimi huipiga bila kufikiri. Tukisikia mtu sokoni, au kwenye mlango wa kanisa, akisema "watu wale wote ni wauaji", tumwulize bila ukali: Ni nani hasa? Jina lake nani?

Mto Kagera ungali unapita mahali pake, na daraja la Kyaka lilijengwa tena. Malori yanapita Mutukula mchana na usiku, na watu wa pande zote mbili wanavuka kwenda sokoni, arusini na matangani, kama zamani. Mstari wa mwaka 1890 uko pale pale ulipochorwa. Haukusogea hata hatua moja kwa damu ile yote iliyomwagika.